Uzi wa Susu Mbithe

Katika soko la Kasikeu, kwenye kibanda cha mbao katika baraza ya duka linalotazamana na kinu cha kusagia mahindi, fundi Muindi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walikuwa wamesahau jina la mwenye duka. Walisema tu, "Pale kwa Muindi." Alishona suti za maharusi na majoho ya kwaya, lakini kazi iliyomweka sokoni ilikuwa sare za shule, na katika sare alikuwa na sifa moja ambayo hata washindani wake hawakuipinga. Mafundi wengine waliacha upindo wa upana wa vidole viwili. Muindi aliacha wa kiganja kizima, ili mtoto akirefuka upindo ushushwe na gauni liendelee kuvaliwa.

"Ukishonewa na Muindi," akina mama walitaniana, "umeshonewa mpaka siku ya posa."

Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo ulining'inia uzi mnene wa pamba wenye mafundo matatu. Mteja yeyote aliyenyoosha mkono kuugusa aliambiwa, kwa upole lakini bila mzaha, auache.

Uzi huo ulikuwa na asili yake. Wapo watu ambao Muindi, kwa malezi aliyolelewa, hakuweza kuwazungushia futi mwilini hata kama hiyo ndiyo kazi yake: mama mkwe wake, na mama aliyemzaa. Kwa watu wa heshima hiyo alikata uzi. Mwanamke aliingia nao nyuma ya pazia, akajizungushia kifuani na kufunga fundo, akajizungushia kiunoni na kufunga la pili, kisha nyongani na kufunga la tatu, halafu akaurudisha kwa kuupitisha juu ya pazia. Fundi aliulaza mezani kando ya futi, akasoma, akakata kitambaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake, wala hakuna aliyeona haya. Uzi wa msumarini ulikuwa umefungwa mafundo na mama yake Muindi, katika mwaka wa mwisho wa maisha yake, alipotaka gauni la kwenda nalo kanisani. Jina lake lilikuwa Mbithe. Wajukuu walimwita Susu, kama nyanya wote wa huku wanavyoitwa. Alipofariki, gauni alizikwa nalo, na uzi ukabaki.

Jina lake pia lilibaki. Binti wa pekee wa Muindi aliitwa Mbithe, na mtoto anayebeba jina la mama wa baba yake haitwi ovyo na baba huyo. Huitwa mwaitu, yaani mama yangu. Basi tangu binti alipokuwa wa kubebwa mgongoni, Muindi hakuwahi kulitamka jina lake. Alipolia, baba alisimama katikati ya wateja na kusema, "Mniwie radhi, mama yangu ananiita," na baraza nzima ikacheka. Alipoanza kutembea, alimwamuru baba yake avue viatu, na Muindi akavivua. Ulikuwa mchezo mtamu, na mkewe, Kaveke, aliufurahia kuliko wote. Kisha Kaveke akaugua figo, akafa, binti akiwa na umri wa miaka minane, na tangu hapo nyumba ikabaki na watu wawili. Mchezo uliendelea, ila sasa hakukuwa na mtu wa tatu wa kuucheka.

Mwezi wa Januari, binti alipoingia Gredi ya Tisa, Muindi alimtazama akiwa amesimama mlangoni, akaona kichwa chake kimefika pale kilipokuwa kikifika kichwa cha Susu. Alishtuka, na mshtuko huo ukageuka furaha. Miaka yote alikuwa akimshonea kwa kumkadiria kwa jicho, maana futi haizungushwi kwa mama. Sasa hata jicho halikuhitajika. Alikwenda kibandani, akauteremsha uzi msumarini, akaulaza mezani, akamkatia binti yake gauni la shule la samawati kwa mafundo ya bibi yake.

"Hili ni gauni lako, mwaitu," alisema alipomkabidhi, na sauti yake ikatetemeka. "Nimelishona kwa uzi wa Susu."

Binti alilipokea kwa mikono yote miwili. Alilijaribu chumbani, akakaa humo kwa muda, kisha akatoka akiwa amevaa sweta juu yake.

"Ahsante, Baba," alisema.

*

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai waliandamana kwenda kuteka maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule, kama unavyokuwa miezi mingi ya mwaka, na maji yalikuwa chini, katika kisima kilichochimbwa kwa mikono na kuzungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Mbithe alishuka ndani, akawa anachota kwa kata, akisubiri maji yajikusanye tena, akichota, akisubiri. Muindi alisimama juu akipokea na kumimina mtungini. Kazi ilipokwisha, binti alipanda. Aliweka mkono mmoja kiunoni, wa pili gotini, akajiinua kwa mara moja bila kuyumba, kisha akasimama na kuyakazia macho mawingu kana kwamba yalikuwa yamechelewa kazini.

Muindi alivua kofia yake.

Hakujua kwamba ameivua mpaka alipouhisi upepo kichwani. Aliyepanda kutoka kisimani alikuwa Susu Mbithe. Si mfano wake, bali yeye mwenyewe, na mkono wake kiunoni, na ule ukali wake kwa mawingu. Nani alikuwa amemfundisha mtoto huyu? Susu alifariki mtoto hajaanza shule, na tayari wakati huo alikuwa kizee cha kuinuka kwa fimbo. Huyu hakumwona akiwa na nguvu zake. Hata hivyo kulikuwa na kitu ndani ya mwili wake kilichokumbuka mambo ambayo yeye hakuyaona, kikayatoa saa yake ilipofika, kama ndengu zinavyotoka ardhini kwa mvua ya kwanza bila mtu kuziamuru.

Njiani kurudi alimtazama kwa wizi, akaona mengine. Shingo ilikuwa imerefuka. Sauti ilikuwa imeshuka na kutulia. Hatua hazikuwa tena za mtoto anayeyumba njiani na kupiga mawe teke. Ni lini yote hayo yalikuwa yametendeka, katika nyumba yenye vikombe viwili na taa moja, yeye akiwa papo hapo? Alijihisi kama mtu aliyeingia kanisani kwa mlango wa nyuma akakuta ibada imefika katikati, akabaki amesimama, asijue akae wapi.

Kuanzia siku hiyo heshima yake iliongezeka maradufu. Walipokutana mlangoni alipisha, kofia mkononi. Chakula hakukigusa kabla yake. Alipokuwa chumbani mwake, hakubisha, alikohoa tu kwa mbali na kungoja. Jambo lolote la mwili, la nguo wala la maumivu hakumuuliza, kwa kuwa mwana hamuulizi mama yake mambo hayo. Na binti alipoanza kusema, asubuhi fulani fulani, "Baba, leo siendi shuleni," Muindi aliinamisha kichwa akajibu, "Sawa, mwaitu," akaenda zake kazini akiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

*

Oktoba iliingia na joto lake. Vumbi la soko lilikuwa jeupe, na watu walitembea wakifuata vivuli vya kuta. Katika joto hilo Mbithe alikwenda shuleni na sweta lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni, siku alizokwenda.

Ijumaa alasiri mwalimu wake wa darasa, kijana aliyeitwa Kiilu, mwenyeji wa Matinyani upande wa Kitui, alifika kibandani akasimama bila kuketi.

"Shikamoo, Mzee. Mbithe yuko wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Yuko nyumbani. Mama amesema leo hatakwenda."

Kiilu alimtazama. Yeye pia alikuwa Mkamba, na desturi aliijua.

"Mzee, kwetu nina dada anayebeba jina la bibi yetu. Baba alimwita mwaitu tangu azaliwe. Lakini alipokataa kwenda shule, alimwita mwaitu huku ameshika fimbo."

Wanawake waliokuwa wakingoja unga kinuni walicheka. Muindi hakucheka.

"Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu," mwalimu aliendelea, na sauti yake sasa haikuwa na utani. "Katika hisabati hakuna anayemfikia darasani mwangu. Wiki mbili zilizopita alikuja kuniambia kwamba hataufanya. Nilipomuuliza sababu, alitazama chini. Yako mambo ambayo msichana hawezi kumwambia mwalimu wa kiume. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiwe uliyebaki."

Alipoondoka, Muindi alikanyaga cherehani kwa nguvu, na sindano ikaenda mbio kwenye kitambaa ambacho hakikuwa na mshono wa kushonwa.

"Wewe fundi," sauti ilitoka kibanda cha jirani, "hayo usoni mwako ni macho au ni vifungo?"

Huyo alikuwa Bilha, Mama Shiko, mwanamke wa kutoka Murang'a aliyeuza mitumba hatua chache kutoka kwa Muindi. Kila asubuhi alitundika sidiria kwenye kamba mbele ya kibanda, na kila asubuhi Muindi aligeuza kiti chake ili mgongo wake uzielekee.

"Mama Shiko, mambo ya nyumbani kwangu niachie."

"Nimekuachia mwaka mzima, na umeyafanya nini? Unapima vifua vya soko zima, unajua nani amenenepa na nani amekonda kabla ya mumewe kujua. Umeona kila mtu isipokuwa mmoja. Umewahi kujiuliza kwa nini mtoto anavaa sweta Oktoba?"

"Labda anahisi baridi."

"Baridi! Kasikeu! Hata mijusi wamehamia chini ya meza yangu." Bilha alisogea karibu akashusha sauti, kwani alikuwa mwenye mdomo lakini hakuwa mwenye ubaya. "Alikuja hapa Agosti. Akasimama mbele ya zile nguo ulizozipa mgongo. Akaigusa moja, akaiacha. Nikamwambia, 'Chukua, mwanangu, mimi na baba yako tutajuana.' Unajua alinijibu nini? 'Nikichukua kwako, Baba ataona haya mbele ya soko.' Akaenda. Mtoto anakulinda wewe, fundi. Nani anamlinda yeye?"

Uzi wenye mafundo matatu ulicheza kidogo ukutani kwa upepo wa magari yaliyopita.

*

Jumapili, baada ya ibada na chakula, alimkuta Mbithe ameketi kwenye jiwe nyuma ya jiko, sweta mwilini, akifuatisha kwa kijiti mistari ya sisimizi mchangani. Tangu Ijumaa Muindi alikuwa akijipangia maneno. Hata wakati wa mahubiri aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya. Alisimama mbele yake, akakohoa.

"Mwaitu, mwalimu anasema mtihani ni kesho."

"Siendi."

"Sawa, mwaitu."

Yalitoka yenyewe. Yalikuwa yamezoea njia ile kiasi kwamba hayakumngoja.

Binti alikitupa kijiti.

"Sawa?" alisema. "Nikisema siendi, sawa. Nikisema sili, sawa. Nikikuambia kesho ninahamia juu ya mti, utaniambia sawa, mwaitu, halafu uniletee ngazi?"

"Mimi nilikuwa ninakuheshimu—"

"Baba, mimi si mama yako!" Alisimama, na waliposimama hivyo nyuso zao zikawa karibu sawa kwa kimo. "Kama mimi ndimi mama yako, basi mama yangu ni nani? Mama alikufa. Susu alikufa. Nilibaki na wewe, na wewe ukaamua kuwa mtoto wangu."

Muindi aliishika kofia yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi alivyokuwa ameishika.

"Likizo ya Agosti," binti alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "mwili wangu ulipoanza mambo ya kila mwezi, sikuwa na kitu. Nilikata sweta la zamani vipande vipande. Nikatoka chumbani nikisema leo nitamwambia Baba. Nikakukuta mlangoni. Ukapisha, ukavua kofia. Mtu aliyevuliwa kofia anaanzaje kuomba msaada?"

"Ungeniambia tu."

"Na gauni ningekuambiaje? Uliniletea ukitetemeka. Ulilitazama kana kwamba Susu yumo ndani. Halinitoshi, Baba. Tangu siku ile halikunitosha. Kiunoni angeweza kuingia mtu mwingine tukakaa wote, na huku juu linanibana mpaka siwezi kuinua mkono nijibu swali. Wavulana wananiita Kondoo kwa sababu ya sweta. Kesho tutakaa asubuhi nzima mbele ya wasimamizi wageni. Siwezi. Ninajua majibu, lakini siwezi."

Alifuta machozi kwa mkono wa sweta, kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Muindi alimtazama, si kwa wizi kama siku ile ya mtoni, na kadiri alivyomtazama ndivyo Susu alivyozidi kuondoka. Aliona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Susu Mbithe hakuwahi kuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kusema lolote. Huyu alikuwa amebeba maumivu kwa miezi, akiyafunga kwa vifungo mpaka kooni, ili baba yake asiaibike. Ujasiri huo haukuwa wa Susu. Haukuwa wa Kaveke. Haukuwa wa mtu yeyote aliyepata kumjua. Ulikuwa umeota humu nyumbani, mpya kabisa, na yeye alikuwa akiusalimu kwa jina la mwingine.

Aliivaa kofia yake kichwani. Kisha akasema:

"Mbithe."

Binti aliinua uso. "Umeniitaje?"

"Mbithe. Kesho utakwenda kufanya mtihani. Sikuombi. Nimesema."

Msichana alimkodolea macho. Taratibu, mabega yaliyokuwa yamekazana kwa muda mrefu yakashuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Na gauni?" aliuliza, kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto.

"Twende sokoni."

"Baba, leo ni Jumapili!"

Katika maisha yake yote Muindi hakuwa amekanyaga cherehani siku ya Jumapili. Mama yake alimfunza hivyo, akalisisitiza funzo hilo kwa kumvuta sikio. Aliligusa sikio lenyewe sasa, bila kukusudia.

"Najua ni Jumapili," alisema. "Nitamjibu Susu siku tutakayokutana. Twende."

*

Soko lilikuwa tupu, na milango imefungwa kila upande. Muindi alifungua mlango wa ubao, akaiondolea cherehani kifuniko, kisha akafanya jambo lililomshangaza binti yake kuliko yote ya siku hiyo: alikwenda mwenyewe kubisha hodi nyumba ya nyuma, alikoishi Bilha, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kinuni, "Mama Shiko, nisaidie. Binti yangu anahitaji vitu ambavyo mimi sivijui."

Bilha alitoka na leso begani, akamtazama fundi, akamtazama msichana, na utani wote aliokuwa ameuandaa kwa miaka akaumeza. Sehemu kubwa, angalau.

"Vifungo vimefumbuka," alisema. "Bwana asifiwe. Njoo, mwanangu." Alifungua sanduku lake, akachagua sidiria mbili na pakiti ya sodo, akazifunga kwenye karatasi.

"Nitalipa kesho," Muindi alisema.

"Jumapili siuzi. Jumapili ninatoa. Wewe shika kazi yako."

Muindi alikata uzi mpya kutoka kwenye kidonge cha pamba. Mbithe aliuona, kisha akautazama ule wa msumarini, na uso wake ukaanza kujifunga tena.

"Mimi si mama mkwe wa mtu, Baba."

"Huu si uzi wa mama mkwe," Muindi alisema. "Huu ni kwa sababu mwili ni wako, na mimi sina haki ya kuukisia. Jipime mwenyewe. Mama Shiko atakuonyesha. Ukikosea, fungua fundo, ufunge upya. Tuna muda."

Wanawake wawili waliingia nyuma ya pazia. Muindi alikaa amewapa mgongo, chaki mkononi. Alisikia minong'ono, maswali yaliyoulizwa polepole na kujibiwa bila haraka, mambo ambayo Kaveke angeyasema kama angekuwapo. Kisha ghafla alisikia kicheko. Mbithe alikuwa anacheka. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokisikia, akashindwa.

Uzi ulikuja juu ya pazia.

Aliulaza mezani. Halafu akanyoosha mkono, akauteremsha uzi wa mama yake kutoka msumarini, akaulaza kando yake, ncha kwa ncha, akaunyoosha kwa viganja.

Alikuwa ametazamia mafundo yakae sambamba. Moyoni, hata sasa, alikuwa ametazamia hivyo. Hakuna fundo hata moja lililokutana na mwenzake. La kiunoni la Mbithe lilikuwa limerudi nyuma sana kuliko la Susu, la kifuani limesonga mbele, na la nyongani limekaa mahali ambapo Muindi hakuwahi kupadhania. Susu alikuwa amejifunga mafundo yale akiwa kizee aliyekaushwa na jua na kazi ya kuchimba matuta mlimani, mwenye mwili unaokaribia kupumzika. Huu wa pili ulikuwa mwili unaoanza safari. Yeye, fundi wa miaka mingi, alikuwa amemvisha mtoto mwisho wa maisha ya mtu mwingine.

Aliinama karibu na meza. Hakuwahi kuuogopa uzi, lakini huu aliugusa kwa ncha za vidole. Kati ya watu wote aliowapima Kasikeu, na wote waliopimwa kabla yake na mafundi waliokufa, hakuna aliyewahi kuwa na mafundo haya. Aina hii ya mtu ilikuwa haijawahi kuonekana chini ya jua. Na alikuwa amekaa naye meza moja miaka yote hiyo, akimpisha mlangoni bila kumwona.

"Baba?" Mbithe alikuwa ametoka, amesimama kando yake, bila sweta, mikono imelegea pembeni. "Kuna kosa? Nijipime tena?"

"Hakuna kosa," alisema Muindi. "Hakuna kosa lolote."

Alikunjua kitambaa cha samawati, akachora, akakata. Bilha alirudi kwake baada ya kumkumbusha fundi kwamba jasho la Jumapili lina harufu yake. Mbithe aliketi kwenye kiti cha wateja na kitabu chake cha hisabati, midomo ikicheza kimya kimya. Cherehani ilianza mlio wake, ikapita mabega, ikapita mbavu, na mara kwa mara Muindi alisimama kumuuliza jambo: mkono uwe mrefu kiasi gani, shingo iwe ya namna gani. Kila mara alilitumia jina lake, akilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayejifunza kutembea juu ya sakafu mpya. Na mara moja, alipokuwa akichomeka uzi sindanoni na hivyo hakulazimika kumtazama, alisema:

"Ukihitaji kitu, niambie. Ukiona ninaona haya, niambie tena."

"Na ukivua kofia?"

"Nikivua kofia, ivae wewe."

Mbithe alicheka tena, kile kicheko.

Jua lilikuwa bado limesimama juu ya paa la kinu alipofika chini kabisa, penye upindo. Aliushika mkasi, akasita. Miaka yote upindo ulikuwa uamuzi wake, na fahari yake, na hakuna mteja aliyewahi kuulizwa.

"Mbithe, nikuachie upindo kiasi gani?"

Msichana aliinua macho kutoka kitabuni. Alifikiri juu ya swali hilo kama alivyofikiri juu ya hesabu zake, bila haraka.

"Uache mkubwa, Baba," alisema. "Bado ninakua."

Muindi aliukunja kwa upana wa kiganja, akauongeza kidogo, akaushona. Kisha akauokota uzi wa Mbithe mezani na, badala ya kuutundika msumarini kama ule wa Susu, akaanza kuyafungua mafundo, moja baada ya jingine, polepole, mpaka uzi ukawa umenyooka tena.